Miwa Miwili ya Muhoroni

Mwanangu Akinyi,

Nakusalimu pamoja na mama yako. Jana trekta la miwa lilipinduka hapa Muhoroni, likamvunja dereva paja. Nilianza kumnyanyua nimpakie kwenye lori, kama nilivyofanya miaka yote nikiwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati. Nesi wa rika lako akanifokea, "Mzee, mwache kwanza!" Akasikiliza pumzi zake, akazuia damu kwa kitambaa chake cha kichwa, akaufunga mguu kwenye miwa miwili usicheze. Ndipo akaruhusu safari ya hospitali ya Kisumu. Dereva alimshukuru, "Asante, daktari." Mimi nilishika mwavuli tu, kuwakinga jua.

Dereva amefika salama, lakini wivu ungali unaniuma. Ile fomu yako ya chuo cha uuguzi niliyokataa kuitia sahihi, iweke mezani; nikija nitaitia. Kama ni lazima nimwonee mtu wivu, afadhali uwe wewe.

Mungu akutunze,
Baba yako