Kibao cha Baba pale Lewisham

Bukavu, 2 Februari 2024

Bijou mwanangu,

Habari za huko na baridi yenu? Huku tunaamka, miguu tu ndiyo inanisumbua. Tangu mmzike kaka yangu Fortunat, sauti yake haijatoka masikioni mwangu. Nipigie picha ya kile kibao alichoandika kwa mkono wake mlangoni mwa kanisa lenu. Na ukumbuke, alichoacha marehemu hakiguswi mpaka mimi, dada yake, niondoe matanga.

Shangazi yako,
Agathe

Lewisham, 25 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Miguu imepata nafuu? Mimi mwili ni mzima. Aibu ndiyo imenichelewesha kujibu.

Kibao nilikigusa. Baba aliandika "musick", yaani muziki, na k mwishoni, Kiingereza cha ile Biblia kuukuu aliyojifunzia kambini kwa wakimbizi Uganda. Wenzangu wa kazini walikuwa wanakuja kwenye mazishi, nikaogopa mmoja wao, Poonam, atacheka. Nikapaka rangi nyeupe juu yake, nikaandika kama wanavyoandika leo, bila k. Poonam hata hakukitazama. Alikuja analia.

Baba alikuwa akilamba ncha ya brashi kabla ya kila herufi, ulimi ukawa wa buluu. Nilikumbuka hilo wakati nimeshafuta.

Mtoto wako,
Bijou

Bukavu, 30 Machi 2024

Bijou,

Miguu haijambo. Barua yako niliiweka chini ya mto, nikashindwa kuijibu.

Biblia ile tulikuwa nayo wawili. Yeye alisoma kwa sauti, mimi nikaandika chini kwa kijiti, mlangoni mwa hema. Mpaka leo naandika hivyo hivyo, na hiyo k. Siku ya kunizika mimi, mwanangu, utafuta nini?

Matanga siondoi bado.

Shangazi yako

Lewisham, 14 Aprili 2024

Shangazi,

Hamjambo wote nyumbani? Jana mchana nilipanda ngazi, watu wakipita na mifuko yao ya sokoni. Nimeandika upya, na k yake. Herufi zimelala upande. Mkono wa Baba siwezi kukurudishia.

Poonam ndiye aliyenishikia ngazi. Akauliza, "Bijou, hapo hujakosea?"

Nikamwambia, "Baba yangu anaandika hivyo."

Akashika ngazi vizuri zaidi.

Picha ni hii. Matanga yako mikononi mwako, mimi nangoja.

Mwanao,
Bijou