Matundu Matatu ya Banda la Bata

Jumamosi, 22 Februari 2003

Siku ya mia na kumi na saba ya eda. Zimebaki kumi na moja.

Lubna kapiga simu kutoka Sugar Land. Yale yale – eda ikiisha nihamie kwake. Nikamuuliza, na bata wa baba yako je? Ati mtaani kwao hawaruhusu kufuga hata kuku. Basi mimi siendi! Nikakata simu mwanangu hajamaliza kusema. Nimejuta, lakini si sana.

Baba yake, Shuaib, angecheka. Miaka sita nilimgombeza kwa bata hawa. Wamenilia mchicha, wamenichafulia baraza, nyumba inanuka. Yeye akirudi kuendesha basi lake la kiwanja cha ndege, hata viatu havui, moja kwa moja bandani. Sasa natoka mimi, na nguo zangu nyeupe, asubuhi na jioni, kuwahesabu. Watano. Dume ni Sheha kwa sababu haishi kutoa amri. Jike mweupe ni Karani – anatembea shingo mbele kama kachelewa ofisini. Majina kayatoa marehemu. Watatu hakuwahi kuwapa. Mimi sithubutu.

Jumatatu, 24 Februari

Mvua inanyesha na kuganda hapo hapo. Mji wetu wote wa Carrollton umefunga milango.

Bertila, jirani yangu wa Bukoba, nesi, kaniletea marobota mawili ya nyasi kavu. Akasema, Mama Lubna, uje ulale kwetu, sisi tuna fireplace ya gesi. Nikamwambia mwenye eda halali nje ya kwake. Pole, akasema, nilisahau. Mtu mwema yule.

Maji ya bata yamekuwa jiwe. Nimeyavunja kwa mchi wa kinu. Nafuata alivyonifundisha Shuaib: maji ya uvuguvugu mara mbili kwa siku, beseni lenye kina wapate kuosha pua, nyasi nyingi chini. Na yale matundu matatu juu ya ukuta yaachwe wazi. "Usiyazibe, Mwanakhamis. Baridi bata anaiweza. Unyevu hauwezi." Kila mwaka aliyasema hayo. Na mimi kila mwaka nikiona huyu mwanamume hana huruma! Upepo wote ule juu ya vichwa vya viumbe.

Jumanne, 25 Februari

Umeme umekatika. Nje kila kitu kioo. Tawi la mti wa jirani limeanguka juu ya ua.

Bandani Sheha kimya. Hakutoa hata amri moja! Karani kasimama mguu mmoja, macho kafumba. Wale watatu wamejikunyata pamoja. Nililia pale pale, machozi yakanichoma mashavu kwa baridi. Nisipoweza kumtunzia hawa, nimembakishia nini?

Ndipo nikakumbuka arubaini yangu ya uzazi, Unguja. Mama alivyonifungia chumbani na Lubna mchanga. Madirisha yamefungwa, makaa chini ya kitanda, tunatoka jasho mama na mtoto. Hakuna aliyepiga hata chafya.

Nikatoa jiko. Lile alilolileta Shuaib ndani ya sanduku la nguo, ati chapati za stovu hazina ladha. Mkaa wake wa kuchomea nyama ulikuwepo, mfuko mzima. Nimeuwasha barazani mpaka ukawa mwekundu hauna moshi, nikauingiza bandani, nikauzungushia matofali wasiungue. Matundu nimeyaziba kwa vikoi vyake vitatu – nguo zake bado sijazigawa. Mlango nikaufunga.

Baada ya alasiri nimechungulia kidogo. Joto zuri! Wamelala wote. Leo nimekunywa chai nikaisikia ladha yake, mara ya kwanza tangu Oktoba.

Jumatano, 26 Februari

Wanne wamekufa.

Baada ya adhuhuri. Nijaribu tena kuandika.

Nilidhani ni baridi. Nikamwita Bertila. Kaja anateleza, kaingia, kaangalia jiko, kaangalia vikoi ukutani. Sema, nikamwambia. Sema! Akanishika mkono. "Ni ule mkaa, Mama Lubna. Hewa yake ni sumu, haionekani, haina harufu. Jana tu kazini tumepokea familia ya namna hiyo hiyo."

Chumba cha mama kilikuwa na uwazi juu, kati ya ukuta na paa. Popo walipita, sembuse hewa. Sikuwahi kuufikiria uwazi ule maisha yangu yote.

Karani yu hai. Tumemkuta mdomo wake kwenye ufa chini ya mlango. Nimemweka ndani, kwenye bafu.

Si barafu. Ni mimi. Kanionya miaka sita, kwa jina langu, na mimi nikajiona nina huruma kuliko yeye. Nisamehe, Shuaib. Nisamehe. Na nani atanijibu?

Alhamisi, 27 Februari

Jua. Barafu inadondoka kutoka mapaani, utasema mvua. Wanne wamo kwenye boksi la televisheni, barazani. Bertila alitaka kuwazika jana, nikamwambia angoje.

Simu. Lubna. "Mama, nisikilize, usikate." Yeye na mumewe wamepata nyumba nyingine ya kupanga, nje kidogo ya Sugar Land, ina uwanja, mwenye nyumba karuhusu bata. Watakaa na mimi hapa mpaka nitoke eda, kisha tuondoke sote. "Nimenunua na crates za kuwabebea, tano! Tumeshafika Corsicana, roads ziko clear."

Corsicana! Saa moja na ushei hiyo mpaka mlangoni kwangu.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nuha, mjukuu wangu, akampokonya mama yake simu. Kwa Kiingereza chake akauliza kama Sheha anasikia baridi.

Nikamwambia hasikii baridi.

Hilo si uongo. Ndilo linaloniua.

Vikoi vitatu nimevifua. Vinanuka mkaa bado. Nimefika mlangoni mara mbili kumwita Bertila na sepetu yake, nikarudi. Nikiwazika sasa, Lubna ataukuta udongo mbichi. Nisipowazika, ataliona boksi kabla hajaniona mimi.

Karani anaita bafuni. Anaita, ananyamaza kama anayesikiliza, anaita tena.

Gari imekata kona. Ya kijani. Ya Lubna ni ya kijani –