Skii za Mashindano Alizonichagulia Mume Wangu

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa na hasira na naomba unisaidie kabla hazijaniozea moyoni, maana Jumamosi ijayo lifti za kuwapandisha watelezaji wa theluji zinafunguliwa na mimi sijui kama nitapanda mlimani au nitabaki jikoni nikikoroga supu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, nafanya kazi kwenye kiwanda cha jibini hapa bondeni Montafon, nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka kituo cha lifti na nimeanza kuteleza kwenye theluji kabla sijang'oa meno ya utoto, kwa hiyo mtu asije akaniambia siijui skii, naijua vizuri, ila sijawahi kuwa mtu wa mbio, ninachopenda mimi ni kushuka taratibu siku ya Jumapili na binti yangu Leni, ana miaka tisa, tupige soga kwenye kiti cha lifti, tule zile chapati za mayai na mchuzi wa plamu pale kibandani, halafu turudi nyumbani miguu ikiwa mizima, basi, sihitaji zaidi ya hapo.

Sasa mume wangu Gebhard alikuwa mtu wa mashindano, alichukua kombe la bonde akiwa na miaka ishirini na miwili, na mpaka leo, tumbo limeshatangulia na nywele zimebaki nyuma, watu wanamwita Gebhard wa Kombe na yeye anaitika. Siku nilipotimiza arobaini majirani walijaa sebuleni, akaniletea zawadi ndefu iliyofungwa utepe, nikaifungua mbele za watu kama ilivyo desturi, kumbe ni skii za mashindano, nyembamba, ngumu, zinanizidi kimo kwa kiganja kizima, za kupitia kwenye milingoti kwa kasi. Watu wakapiga makofi. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Gebhard, hizi si kubwa kwangu?" Akacheka. "We ni mtu wa hapahapa bwana, unataka watu wakuone na zile za wageni?"

Wewe unapajua kwetu, zile skii laini, pana kidogo, za kuzunguka mlima mzima bila haraka, tunawakodishia wageni wa mjini, na mwenyeji akionekana nazo miguuni atasemwa mpaka Pasaka. Basi nikasema asante.

Tukaenda dukani zifungwe vile vibanio vya kushikia kiatu, na wifi yangu Roswitha akajitia kutusindikiza, yeye ni mwalimu wa skii na ndiye aliyenirithisha viatu vyake vya zamani, ambavyo nikivaa soksi mbili vinanikaa. Fundi, tulisoma naye darasa moja, akatoa fomu akauliza kimo changu, uzito na umri, halafu akauliza mimi ni mtelezaji wa daraja gani, la kwanza ni wa taratibu, la pili wa wastani, la tatu wa kasi. Kabla sijafungua mdomo Gebhard akajibu, "Tatu. Unauliza nini, huyu si mke wangu?" Roswitha naye akadakia, "La kwanza si la bibi na wageni, wifi? Usitutie aibu." Fomu ikajazwa daraja la tatu na vibanio vikakazwa vya daraja la tatu.

Mwezi wa pili, Jumapili mchana, chini ya kituo cha kati cha lifti pana barafu, nilikuwa nakwenda mwendo wa kutembea kabisa nikimsubiri Leni, skii moja ikang'ata barafu ikashika njia yake, nikaanguka, na kile kibanio ambacho kazi yake ni kuuachia mguu hakikuuachia, goti likageukia mahali ambapo goti haligeukii. Leni alisimama juu yangu akilia, "Mama, ivue, Mama, ivue," na vidole vyake havikuwa na nguvu ya kukibonyeza. Watu wa uokozi wakanishusha kwenye machela yao. Miezi mitano nimegeuza jibini nikiwa nimekaa kwenye kigoda, na mume wangu kila mgeni anayekuja kunipa pole anamwambia, "Skii hazina kosa, huyu aliegemea, uzito wake ukakaa nyuma."

Goti limepona. Mwezi uliopita kwenye mnada wa skii kuukuu, ule wa kila mwaka kwenye ukumbi wa zimamoto, nikaona pea moja ya bluu, laini, ya mwanamke, nikaipenda palepale, bluu kama shumizi ya Leni, nikaichukua mkononi na kuiegemeza kwenye kiti changu, nikaenda kununua keki kwenye meza ya kwaya. Kurudi, sizioni. Gebhard alikuwa amezirudisha mezani, na mwalimu mmoja wa kutoka mjini ndiye anatoka nazo mlangoni, nikaziona zile bluu zikipita. Nikamwuliza zimekwendaje. Akajibu kwa sauti ya ukumbi mzima, "Mama Leni kashika za wageni kwa bahati mbaya, nimemwokoa." Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka, mshauri. Hicho ndicho kinachonichoma, siyo kicheko chao, ni changu.

Na bado. Wiki iliyopita Gebhard alimsimamisha Leni sebuleni akampima kimo ili amnunulie skii za mashindano, anataka aingie kikosi cha watoto. Mtoto alinitazama mimi, hakumtazama baba yake. Asubuhi yake nikimsuka nywele akaniuliza, "Mama, mtu akipewa skii asizozitaka anasemaje?" Nikamwambia nyamaza nisikuvute nywele.

Nifanye nini, niache skii kabisa nimwachie mtoto apande na baba yake, au nivae zilezile kwa ajili ya amani ya nyumba, au nizichome moto nyuma ya banda? Majina usiyabadilishe. Nataka wayasome.

Mama Leni, Montafon

*

Mama Leni,

Pole kwa goti. Hiyo pole nakupa nzima, haina masharti, ila ishike vizuri kwa sababu baada yake nitakugombeza.

Tuanze na mumeo, kwa kuwa umesema majina yasomwe. Gebhard, hukumnunulia mkeo zawadi. Ulijinunulia wewe ukamvisha yeye. Kombe lako limekaa kabatini miaka mingi, sasa unataka litembee tena mlimani, na miguu uliyoipata ni ya mwenzio. Na hayo maneno ya uzito kukaa nyuma yaache leo hii. Kibanio kinakazwa kulingana na mtu aliyeandikwa kwenye fomu. Cha mkeo kiliambiwa kimembeba mtu wa kasi, kikang'ang'ania kama kilivyoambiwa, na aliyekuwa juu yake ni mama anayemsubiri mtoto. Wewe uliyepanda mlima huo maisha yako yote ulijua hilo kuliko mtu yeyote aliyesimama pale dukani. Kuzirudisha zile za mnadani na kumcheka mbele ya watu sitakutafutia jina la upole. Ni uonevu.

Roswitha, wewe ni mwalimu. Kama daraja la kwanza ni aibu, wale unaowafundisha kila Jumatatu asubuhi unawaambia nini?

Sasa wewe, mama. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali uliposema hapana, sikupaona. Unaandika kwamba fomu "ikajazwa". Fomu haijijazi. Na chini yake pana mstari wa sahihi, na mstari huo mume hasaini, wala wifi. Ulisaini wewe, ukiwa na miaka arobaini na akili timamu, kwa sababu fundi ni mtu uliyesoma naye na ulitaka akuone bado unajiweza. Hasira zako juu ya Gebhard ni za haki. Ila nyingine umeziweka kwenye mlango wake ilhali anwani yake ni kwako.

Tena hizo skii za mnadani usizililie. Umenitajia rangi yake mara tatu. Upana hukuutaja hata mara moja, urefu hukuutaja, vibanio vyake vilikuwa na umri gani hukuuliza. Ulikuwa unaelekea kufanya kosa lilelile la mumeo, kuchagua kwa macho. Tofauti ni kwamba lako lingekuwa la bluu.

Nisikilize, maana hili nalijua. Kabla gazeti hili halijaniokota nilikaa nyuma ya meza ya duka la skii miaka kumi na tisa.

Kwanza viatu, kabla hujagusa skii yoyote. Vya Roswitha vitoe nyumbani. Mtu anayevaa soksi mbili ili kiatu kimkae amevaa kiatu cha mwenzake, na mguu unaoogelea ndani ya kiatu hauwezi kuiambia skii kitu. Soksi moja, nyembamba. Kiatu cha mwanamke kisicho kigumu sana, kikubane kisigino, vidole viguse kidogo mbele ukisimama wima na viachie ukikunja goti. Kaa nacho dukani mpaka muuzaji achoke.

Skii yenyewe isimamishe mbele yako. Ncha yake ifike kati ya kidevu na pua, isivuke hapo, kwa sababu wewe unataka igeuke ukiiomba, hutaki kubishana nayo. Upana wake wa katikati, pale kiatu kinapokaa, uwe kama milimita themanini, ukizidi au kupungua kidogo si neno. Hiyo itashika asubuhi njia ikiwa ngumu, na itakubeba mchana theluji ikishakuwa matope. Wakikuletea zile pana sana za theluji nene, kataa, huendi huko na mtoto wa miaka tisa. Ncha ya mbele iwe imeinuka kidogo na iwe laini, uibonyeze kwa mkono uone inapinda. Za kike si rangi ya maua tu, nyingi ni nyepesi zaidi na zinakubali kupinda kwa mtu asiye na uzito wa Gebhard. Mnada si mbaya, lakini kuukuu utakayoipata ipitie kwa fundi kwanza, akikwambia kibanio kimezeeka usimbembeleze. Bora zaidi, kodi pea mbili tofauti Jumapili mbili, ushuke nazo njia ileile, halafu ndipo ununue. Ndiyo, kodi, kama mgeni. Watakuona. Waache wakuone, wakishuka na wao wana magoti mawili kama wewe.

Kuacha skii nakukataza. Ukibaki jikoni, Leni atapanda na baba yake, na atajifunza kwamba mwanamke akiumizwa na kitu alichochaguliwa, anayeondoka ni yeye. Kuvaa zilezile kwa amani ya nyumba nakukataza mara mbili, amani gani hiyo inayokutembeza na mkongojo. Za mashindano usizichome. Mrudishie Gebhard kwa adabu, mbele ya majirani walewale waliopiga makofi, mwambie, "Asante mume wangu, hizi ni zako." Azivae mwenyewe, kama bado anaweza kuinama akafunga viatu.

Kuhusu kikosi cha watoto, mimi siwezi kukujibia wala wewe huwezi kumjibia. Wapo watoto wanaopenda mbio, na kama Leni ni mmoja wao basi apige mbio na baba yake amshangilie. Aulizwe yeye, peke yake, kisha mnyamaze wote wawili mpaka amalize kusema.

Kuna jambo sijawahi kuliandika hapa. Katika ile miaka kumi na tisa nimeandika "tatu" kwenye fomu za wanawake wengi wa bonde hili nikijua wazi ni uongo. Waume walikuwa wamesimama pembeni, wake zao walikuwa wanatabasamu, na mteja anayetabasamu anarudi. Nikakaza skrubu nikasema safari njema. Mmoja wao alikuwa dada yangu wa tumbo moja. Mpaka leo anashuka ngazi za nyumba yake kinyumenyume, ameshika ukuta kwa mikono miwili. Hajawahi kunilaumu, na mimi kila nikimtembelea natamani anilaumu. Kwa hiyo unapoona nakugombeza kuhusu sahihi, ujue najigombeza na mimi.

Ijumaa ukitoka kiwandani mchukue Leni mwende dukani, nyinyi wawili tu. Gebhard akitaka kuja, abaki nje na kombe lake. Fundi atatoa fomu ileile na atauliza swali lilelile, na pengine duka litakuwa limejaa watu mnaofahamiana. Usinong'one. Mjibu, "La kwanza." Akikutazama kwa mshangao, rudia. Soma alichoandika, hakikisha ni moja, kisha saini.

Halafu sogea, fundi amwulize Leni maswali yake. Mtoto alitaka kujua mtu akipewa skii asizozitaka anasemaje, na atakuwa amesimama karibu na kiwiko chako, ameshasikia.