Chai Iliyochemshwa kwa Filimbi

Baba, pokea shikamoo yenye baridi ya Karatu. Ukungu umegoma kuondoka tangu asubuhi, nami nimejibanza kwenye karakana ya fundi wa filimbi za mbao, nakunywa chai iliyochemshwa kwa filimbi. Si utani! Tundu likizidi upana kidogo tu, sauti inaharibika, na kulirudisha haiwezekani, basi filimbi nzima inakuwa kuni. Ndiyo maana bei ya filimbi zake inazidi ile ya filimbi za watalii, za kutundika ukutani.

Nimemwagiza yako. Nikamweleza kwamba ile ya plastiki umeiacha, unasema vidole vimezeeka.

"Vidole havina kosa, dada," akasema. "Matundu ndiyo hayakupimwa kwa vidole vyake. Mkono wake ukoje?"

Nikamnyooshea wangu, huu ambao bibi alikuwa akisema nimekuibia. Akaweka alama kwenye kipande cha mti, kidole kwa kidole.

Sasa anatoboa tundu la mwisho. Nimezuia pumzi, Baba, maana moto umepungua, na sitaki chai ya pili ichemshwe kwa filimbi yako.

Funika kifua, usitoke na umande.

Mwanao wa vidole vinene,
Paskalina