Rubani na Mgomba

Jumanne, 5 Agosti 2025

Dakika kumi na moja za mwisho bado mbovu. Miaka minne nachora na mwisho haujapatikana. Filamu ya katuni ya watoto, ya anga za juu, inatengenezwa katika chumba kimoja juu ya duka la mbolea, Kakamega mjini — nikiwaambia watu huwa nacheka kabla hawajanicheka. Leo sikucheka.

Hadithi yenyewe ni fupi. Rubani anaendesha chombo cha mizigo, anapeleka unga na sukari kwenye miezi ya mbali. Dada yake mdogo anamsikiliza kwa redio aliyoiunda kwa debe la mafuta ya kupikia. Siku moja chombo kinapatikana. Rubani hapatikani. Hapo ndipo nimekwama.

Yule mama wa shirika la Nairobi linalolipia filamu amepiga tena. Watoto wanataka tumaini, anasema. Rubani arudi, watu wacheze ngoma ya isukuti, kwisha. Tarehe ya mwisho ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa kumi na mbili jioni. Bravin, anayenifanyia sauti na muziki, anasema ngoma za kutosha anazo tayari kwenye kompyuta, ni kazi ya siku mbili. Najua ni rahisi. Ndiyo maana siitaki.

Alhamisi, 7 Agosti

Jambo hili sijaliandika popote, hata humu. Sauti ya Rubani ni ya Isaiah.

Kaka yangu. Dereva wa lori. Aliondoka mwaka wa 2018 kupeleka unga Juba. Lori lilipatikana kando ya barabara, turubai halijafunguliwa. Yeye hakupatikana. Mimi nilibaki na jumbe zake za sauti kwenye simu ya zamani, arobaini na tatu. Barabara mbaya. Tope. Nimelala ndani ya gari. Bravin alipunguza kelele za injini, nikamchorea mdomo. Ikakaa sawasawa. Ukiisikia utaapa ni mtu aliye mbali na dunia.

Mama hajui. Nilijiambia nitamwambia nikimaliza. Uongo — ni woga tu.

Miezi mitatu nilichora mabawa ya kile chombo. Watoto wa jirani nilipowaonyesha, waliyapita kama hawakuyaona. Mmoja akauliza huko mwezini ni nani anapikanga. Nikacheka, nikasahau kumjibu.

Jumapili, 10 Agosti



Tulionyesha filamu kwa majaribio, ukumbi wa kanisa Khayega, baada ya ibada. Watoto kama thelathini kwenye mabenchi, shuka jeupe ukutani. Mama alipaswa kuwa kwenye mkutano wa akina mama. Nilijua. Niliichagua saa hiyo kwa sababu hiyo.

Akaingia katikati na thamosi. Ameniletea chai! Na wakati huohuo Isaiah akasema ukutani, "Hapa kuna giza, lakini niko sawa."

Hakupiga kelele. Thamosi aliiweka chini polepole, kama ya kioo. Akakaa benchi la mwisho, katikati ya watoto, mpaka mwisho. Mimi sikuangalia filamu tena. Nilikuwa namwangalia yeye.

Mwisho niliowawekea ni ule wa dada akitazama nyota na zumari inalia. Niliuona mzuri sana. Msichana mmoja, Natasha, kama miaka tisa, akainua mkono.

"Sasa huyo Rubani walimzika wapi?"

Nikasema hakuna mwili.

"Si wakate mgomba wazike? Vile walifanyia guka, babu yetu, wakaivalisha koti yake."

Wenzake wakakubali kwa vichwa. Hawakuwa na huzuni. Walikuwa wananisahihisha, kama mtoto aliyekosea kujumlisha. Na mimi nimezaliwa Khayega! Mtu akipotea mwili usionekane, mgomba huzikwa badala yake. Hilo nalijua tangu sijaota meno ya pili. Miaka minne halikunijia kichwani. Au lilikuja nikalifukuza, maana kwetu halitajwi. Ami Hezekiah, ndugu ya baba, alilitaja mara tatu, na mara tatu Mama akamwonyesha mlango.

Mtoto mwingine akauliza: na akirudi apate walishazika? Natasha akanigeukia mimi.

Mama aliondoka bila thamosi yake.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama hapokei simu. Bravin anasema watoto walikaa dakika hamsini bila kuomba kwenda choo, nikitaka kujua filamu kubwa ya watoto ni ipi, ni hiyo. 

Jumatano, 13 Agosti

Nilienda nyumbani. Ami Hezekiah alikuwa amefika kabla yangu, ameketi uani, kofia gotini. Habari za kanisani zilimfikia.

"Hata watoto wamesema," akaniambia. "Jumamosi tunazika."

Nikamwangalia Mama. Nilingoja amfukuze. Akasema, "Sawa." Neno hilo moja. Miaka saba alikataa, na leo sawa, na mimi ndiye niliyemchosha.

Ami akaendelea. Kila kitu cha Isaiah kiingie kaburini na mgomba. Mashati, leseni, na hiyo simu. Na sauti itoke kwa filamu. "Mtu akishazikwa hawezi kuwa anasema narudi, Christine. Hiyo ni kumwita. Tutamwitanga mpaka lini?"

Nikamwambia filamu ni ya watoto, elfu na elfu. Akasema, "Na huyo ni wetu, ni mmoja." Kisha akageuka kumtazama ng'ombe, muda mrefu, akijifuta macho. Si mtu mbaya. Ndiye aliyetusomesha. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

Mama alinisindikiza hadi langoni. Hakunigombeza. Aliniambia tu: "Miaka hii yote ulikuwa unaongea na yeye huko mjini. Mimi niko na picha ya leseni."



Ijumaa, 15 Agosti

Nimechora mgomba. Siku mbili, karibu bila kula.

Dada anaukata, anauvalisha jaketi la Rubani, watu wote wa mwezini wanaacha kazi zao wanakuja. Vyombo vinazimwa taa. Ni kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kuchora, na ninakichukia. Bravin alikitazama, akavua kofia.

Sasa sauti. Tulijaribu kuweka ya Bravin mahali pa Isaiah. Ikawa kama mtu anasoma matangazo ya mazishi redioni. Tukamjaribu mwalimu mmoja, mwigizaji mzuri. Ikawa katuni tu. Rubani amekufa, mabawa yangu yamebaki. Watoto walimpenda kwa sababu alichoka kweli, aliogopa kweli, na alisema yuko sawa akiwa hayuko sawa. Huwezi kumfundisha mtu hilo asubuhi moja.

Nikiiacha sauti, nimemdharau Ami na ukoo mzima. Nikiitoa, ninamzika kaka yangu kwa kidole kimoja, kwa kubonyeza. Nimechoka. Natamani nisingeanza kamwe.

Ziko nakala mbili za sauti yake. Simu, na kompyuta ya kazini. Ami anajua ya simu tu.

Jumamosi, 16 Agosti

Saa tano asubuhi. Naandikia jikoni kwa Mama, nimekalia gunia la mahindi. Mlango ameufunga kwa ndani.

Mgomba uko sebuleni, umevaa shati la buluu la Isaiah, vifungo vyote vimefungwa. Sijui nani alivifunga. Shimo liko tayari kando ya ua. Watu wamejaa kwenye hema, wameanza nyimbo. Mama hatoki.

Aliniambia, "Iweke." Nikaweka. Ya kwanza, ya pili, zote. Na yeye anajibu! Isaiah akisema barabara mbaya, anasema pole baba. Akisema hajala, anasema na nilikufungia viazi. Taratibu, kama mtu anayeongea na aliye chumba cha pili. Sijawahi kulia hivi tangu lori lipatikane.

Ami alibisha. "Christine. Simu." Hakubisha kwa nguvu.

Tukafika ya arobaini na tatu. "Mama, nikishusha hii mzigo narudi. Niwekee chai."

Mama akainuka. Akateka maji, akaweka sufuria motoni, akamimina maziwa. Akachukua vikombe rafuni. Vitatu. Nikamwambia, Mama, watu wanangoja. Akasema wangoje, haizidi dakika kumi.

Kisha, bila kunitazama: "Kwa hiyo filamu yako, mama yake alikuwa wapi? Niliangalia mpaka mwisho, sikumwona."

 Hayupo. Nilichora mabawa, redio, ile miezi saba ya angani, kila msumari wa kile chombo. Mama sikumchora. Yule mtoto aliniuliza ni nani anapika, nami nikacheka.

Ami anabisha tena. Kwaya imenyamaza. Saa kumi na mbili Nairobi wanangoja faili, na faili sijalituma, na sijui nitume lipi, lenye sauti yake au lisilo nayo.

Chai imepanda. Mama ameiteremsha, amejaza vikombe vyote vitatu, kimoja amekifunika kwa sahani. Sasa amenyoosha mkono kwangu, kiganja juu. Anataka nimpe simu. Sijui kama ni ya kumpa Ami au ya kubaki nayo.