Jembe Ambalo Sikuliloweka

Mbagala, Alhamisi

Mke wangu Tupokigwe,

Salamu nyingi. Mgongo unauma, ila nakula vizuri.

Kwenye mtaro tunaochimba yupo Maisa, binti wa miaka kumi na minane. Mahakama ilimpa kazi za jamii badala ya kifungo, na mie ndiye msimamizi wake. Anachimba kuwashinda wanaume. Juzi jembe lake lilichomoka kwenye mpini, likamkata mguu mama aliyekuwa akipita. Afisa wa kazi za jamii akasema binti atarudishwa mahakamani kwa uzembe.

Kosa lilikuwa langu. Kila asubuhi naloweka majembe ili mipini ikaze. Siku ile nilichelewa, nikamgawia kavu. Maisa alijua. Nikamnong'oneza, "Mbona husemi?"

"Baba, wewe una watoto. Mie nishazoea kulaumiwa."

Na tumejuana wiki tatu tu! Natamani Vaileth wetu akue na moyo kama ule.

Nikamweleza afisa ukweli. Akaandika kwamba anayewajibika ni msimamizi. Maisa anaendelea na kazi, mie wameniachisha.

Nitafika Jumapili. Tafadhali usinigombeze mbele ya watoto.

Mumeo,
Isack