Nane ya Shupaza

Jumatatu, 5 Mei

Asubuhi soko la nguo la Liuhua, huku ughaibuni. Magauni ya mzigo wa Dar, zipu mbovu tupu. Nimerudisha yote. Bosi wa duka kanuna, mimi nimenuna zaidi.

Jioni Bakari kaniletea kidani cha kufunguka. Ndani picha yake, ndogo kama kidole gumba, imechorwa kwa mkono. Nyuma ya kichwa ndimi za moto. Anasema zamani watu wa jumba la malkia wa Uingereza walichorwa hivyo, kumwambia mpenzi: naungua. Mimi niliona mshikaki. Lakini nimekivaa. Kaka, kule nyumbani, anataka jibu la posa ya Bakari Jumapili.

Jumanne, 6 Mei

Nikiswali nakivua. Leo kimeanguka, picha ikachomoka. Mgongoni imebandikwa kipande cha karata. Nane ya shupaza.

Kwa nini nane?

Jumatano, 7 Mei

Kangle, kichochoro cha nyuma ya soko la vitambaa. Kwa Mzee Liang, aliyemchora Bakari. Kazi yake kunakili picha hizo za Kiingereza kwa wauza vidani. Kwa simu ya kutafsiri kanieleza: hata wachoraji wa zamani walibandika kwenye karata, picha isijikunje. Yeye kila mteja humpa aina yake, kopa au pau, na huanzia ree, yaani moja, kupanda juu, kazi zisichanganyike.

Bakari ni shupaza. Basi kabla yangu kuna saba.

Nikauliza ziko wapi. "Meiyou, meiyou." Hakuna, na mkono wa kunifukuza. Kabla sijatoka kanionyesha kitabu: malkia na lulu zake za ubikira, na mabwana chungu nzima waliogawiwa sura yake, kila mmoja akijiona yuko peke yake. Ahsante, babu. Umenimaliza.

Alhamisi, 8 Mei

Nina hasira. Mume wangu wa kwanza alinificha mke Mombasa miaka mitatu.

Kwenye lifti dada Mkenya wa ghorofa ya juu kavaa kidani kama changu. Nilimkodolea macho mpaka akauliza, "Sista, uko poa kweli?" Akakifungua. Picha ya mamake. Aibu yangu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ijumaa, 9 Mei

Bakari karudi kutoka Xintang na sampuli za jinzi. Sikumpa hata maji. Nikamwekea karata mezani, nikamuuliza saba nyingine ziko kwa nani.

Akacheka. Nusura nimzabe kofi. Akaenda kwake, akarudi na kopo la chai. Ndani picha zake, ree mpaka saba, zote. Mzee Liang kazoea sura za Waingereza, rangi ya ngozi huikoroga mapema. Kwenye ya kwanza Bakari ni mweupe kama sembe. Ya tatu kaiva kama nyanya. Ya sita ana homa ya manjano. Ya nane ndiyo yeye, mweusi tii.

"Nilikataa mpaka nitoke mimi," akasema. "Ungekubali kuposwa na huyu wa sembe?"

Nimecheka hadi machozi. Radhi sikumwomba.

Jumapili, 11 Mei

Kangle tena, nichorwe yangu ya kumjibu. Mzee Liang akachomoa ree ya pau. Nikamzuia. Nikaomba pakiti ya Bakari, nikaipekua mwenyewe. Tisa ya shupaza imo. Kumi imo. Zote mpaka mfalme zimo. Baada yangu hakuna.

Nikampa ile tisa. Nikakaa kitini, nikampigia kaka. Mzee akanikemea nisitikise mdomo. Nikamwambia kaka ndiyo, nikafumba mdomo nichorwe.